Mwanabiolojia wa ubongo aliyerudi Mbale: uchambuzi wa kisa kimoja

Mwezi kisa hiki kinapoanzia, mwanabiolojia mmoja wa molekuli, Mganda, alikuwa na barua pepe mbili ambazo hajazijibu. Moja ilitoka kwa msimamizi wake wa zamani wa uzamivu huko Ujerumani: nafasi ipo, miaka mitatu, panya wapo, hadubini mpya imeshafungwa. Ya pili ilitoka kwa mkuu wa idara katika chuo kikuu kimoja cha mashariki mwa Uganda alikokuwa akifundisha: mkataba unaongezwa mwaka mmoja, vipindi vinaongezeka, fedha za maabara hakuna. Ruzuku aliyorudi nayo nyumbani ilikuwa ukingoni. Na tangu arudi hakuwa amechapisha hata makala moja ambayo jina lake linakaa mwisho, pale wanapokaa wenye maabara.

Amenipa ruhusa ya kukiandika kisa chake mradi nisimtaje, na mambo madogo madogo nimeyageuza asijulikane. Nakiandika kwa ajili ya vijana wanaoniuliza kama warudi au wasirudi, kwani karibu wote huanza na mashine: kuna hadubini? Kuna friza? Umeme unatosha? Ni maswali ya haki. Ila nikiufuata mwenendo wa huyu dada tangu ashuke Entebbe, naona mashine zilimchelewesha tu. Kilichomkwamisha ni swali la utafiti alilorudi nalo begini.

Njia aliyopitia

Alizaliwa Mbale, upande wa Namakwekwe. Baba alikuwa dereva wa lori la Mombasa hadi Kampala, mama anauza vitenge, na nyumbani waliongea Kiswahili, kama ilivyo kwa familia kadhaa za Kiislamu za mji ule na za mpakani Busia na Malaba. Akafaulu baiolojia na kemia, akaingia Makerere kusoma baiokemia, akabaki hapohapo kwa uzamili.

Uzamili wake ulikuwa juu ya vimelea vya malaria. Hakuvipenda kuliko vingine. Ndiko zilikokuwa fedha. Kwa Uganda, anayejifunza kutoa DNA, kuizidisha kwa PCR na kuusoma mfuatano wake, karibu kila mara hujifunzia kwenye malaria, UKIMWI au kifua kikuu. Mafunzo hayo si haba. Taasisi ya utafiti wa virusi ya Entebbe ilianza mwaka 1936 ikishughulikia homa ya manjano, na tangu hapo nchi imelea vizazi vya watu wanaojua kuishika sampuli isiharibike. Ubongo haukuwa kwenye orodha. Kwa hiyo alipopata nafasi ya uzamivu kwenye maabara ya ukuaji wa gamba la ubongo, alisafiri na mikono iliyozoea PCR na bila somo hata moja la embriolojia ya neva, yaani jinsi mfumo wa neva unavyokua tumboni.

Alichokwenda kukisoma kinahitaji maelezo, maana uamuzi wake wa baadaye umesimama juu yake.

Ubongo wa binadamu huanza kama bamba la seli linalojikunja hadi likawa mrija. Mrija huo hufunga takriban siku ya 28 baada ya mimba kutungwa, mara nyingi kabla mama hajajua kuwa ana mimba. Usipofunga upande wa chini, mtoto huzaliwa na mgongo wazi, na ndiyo sababu wanawake hushauriwa kuanza vidonge vya foliki kabla ya kushika mimba. Ndani ya mrija hubaki uwazi wenye maji ambao baadaye huwa ventrikali, vile vyumba vya maji vilivyo katikati ya ubongo. Seli shina zinazojenga ubongo zimepangana kwenye kuta za vyumba hivyo. Zinaitwa glia radiali: mguu mmoja uko ukutani, na uzi mrefu umenyooka hadi kwenye uso wa ubongo.

Mwanzoni seli hizi hugawanyika na kutoa mbili zinazofanana, ili ziongezeke. Halafu hubadili mtindo. Mgawanyiko mmoja sasa hutoa seli shina moja na nyingine itakayokuwa nyuroni, yaani seli ya neva, ama papo hapo au baada ya kupitia seli ya kati. Nyuroni changa huupanda ule uzi kwenda juu, jambo ambalo Pasko Rakic alilionyesha kwenye ubongo wa vijusi vya nyani mwaka 1972. Na tabaka za gamba hupangika kinyume na mtu anavyotarajia: ni kama ghorofa ambayo mpangaji wa mwisho huwapita wote waliomtangulia na kwenda kukaa juu kabisa. Kazi hiyo ikiisha, na ya glia, seli zinazozihudumia nyuroni, na ya miunganiko ikifuatia, mtu mzima anabaki na nyuroni zipatazo bilioni 86.

Dada yetu alichunguza ile hatua ya kubadili mtindo. Seli zikiacha kujizidisha mapema mno, ubongo unatoka mdogo. Jeni za ASPM na WDR62 ni mifano inayojulikana: mtoto akirithi nakala mbovu kwa baba na kwa mama, nyuzi zinazotenganisha kromosomu wakati wa mgawanyiko hazikai sawa, akiba ya seli shina inakwisha kabla ya wakati, na mtoto anazaliwa na kichwa kidogo. Yeye alikuwa akifuata protini nyingine za mlolongo huohuo, kwa panya. Aliifanya vizuri. Makala yake ya kwanza ilipokelewa kwenye jarida ambalo maprofesa wengi wa Kampala wangefurahi kulipata mara moja maishani.

Alivyokwama

Alirudi na ruzuku ndogo ya kuanzia, barua ya kufundisha, na mpango uleule wa Ujerumani uliopunguzwa ukubwa.

Panya wa kazi hii wana jeni zilizobadilishwa na kila ukoo una karatasi zake. Ili upate kiinitete cha siku ya 14 na nusu, lazima ujue jike alipandwa usiku upi, kwa sababu siku moja ya tofauti inaweza kuwa tabaka jingine la nyuroni. Chumba chao kinataka joto lisilobadilika, mwanga unaowaka na kuzimwa kwa saa, na mtu wa kuwaangalia Jumapili na siku ya Idi. Chuo kilimpa chumba. Joto lake lilikuwa la Mbale.

Kingamwili za kutambulisha seli aliagiza kupitia wakala wa Kampala. Baadhi husafirishwa kwenye barafu kavu, na barafu kavu haingoji mihuri. Mzigo ukitua Ijumaa jioni na fomu moja ikawa na dosari, Jumanne unapokea kisanduku cha uvuguvugu. Shehena moja iliharibika hivyo. Nyingine ilifika salama wakati mimba za panya zimeshapita umri aliouhitaji. Friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri aliazima rafu moja kwa watu wa mradi wa malaria, akawa anachangia dizeli ya jenereta.

Haya wenzangu wa fani mnayajua, sitayarefusha. Ninalotaka lishikwe ni hili: hata kama kila shehena ingefika ikiwa imeganda, bado angeshindwa. Swali lake linaulizwa na maabara nyingi za Ulaya, Marekani, Japani na China kwa wakati mmoja. Swali lenye washindani wengi linataka kasi, na kasi haikuwa kitu cha kununuliwa Mbale hata kwa aliyekuwa na fedha. Makala mbili zinazofanana sana na mpango wake zilitoka nje wakati yeye bado anangoja koloni la panya lizaane. Hakuna aliyemwibia. Wale walikuwa na watu kumi kwenye maabara. Yeye alikuwa na mwanafunzi mmoja wa uzamili anayejilipia karo kwa kuendesha boda.

Alichokuwa nacho mezani

Kurudi Ujerumani ndilo lilikuwa jambo jepesi, na sioni aibu ndani yake. Wapo wanaosema kwamba aliyesomeshwa na kodi ya Waganda akiondoka amesaliti. Mimi husema mtu huyohuyo akikaa hapa akisahihisha mitihani ya wanafunzi mia tatu hadi usiku wa manane, nayo ni hasara, ila haionekani kwenye uwanja wa ndege.

Mama yake, hajati, alikuwa na hesabu yake. "Mwanangu, serikali inamlipa mwalimu wa sayansi milioni nne. Wewe umewapita wote kusoma, mbona unalipwa kwa vipindi?" Ni kweli. Tangu mwaka wa fedha 2022/23, mwalimu wa sayansi mwenye shahada katika sekondari ya serikali hulipwa shilingi milioni 4 kwa mwezi, na dada yetu, bila ajira ya kudumu, alikuwa hafiki hapo hata akijumlisha kila kipindi. Hajati hakukosea hata senti. Na lilikuwapo shirika la afya la Kampala lililomtaka awe mratibu wa miradi, gari na bima juu. Wanabiolojia wengi wa molekuli wa Uganda huishia kwenye kiti hicho, wakisimamia utafiti wa wengine kwa jedwali za Excel. Hili alilifikiria kwa uzito kuliko alivyokiri mbele yangu.

Njia nyingine ilikuwa kuwa tawi la maabara ya Ujerumani: yeye akusanye, wao wachambue, majina yagawanywe. Hapo nilimkumbusha habari ya virusi vya Zika, ambayo sisi Waganda tunaisimulia kwa fahari ya jina na kuiachia hapo.

Aprili 1947, katika msitu wa Zika karibu na Entebbe, nyani wa aina ya rhesus aliyewekwa kizimbani juu ya mti ili kuitega homa ya manjano alipandwa na homa. Namba yake ilikuwa 766. Virusi vilivyotolewa kwenye damu yake ndivyo hadi leo vinaitwa MR766. Mwaka 1948 vikapatikana pia kwenye mbu wa msitu huohuo, Aedes africanus. Watafiti waliovigundua, Dick, Kitchen na Haddow, walichapisha mwaka 1952, na tayari ilishaonekana kwamba kwa panya virusi hivyo hushambulia ubongo. Halafu kimya cha miaka mingi, hadi Brazil 2015 na watoto waliozaliwa na vichwa vidogo. Februari 1, 2016 Shirika la Afya Duniani likatangaza dharura. Machi mwaka huo timu ya Marekani ikaonyesha kwamba Zika huingia kwenye seli shina za neva za binadamu zilizokuzwa maabarani, huzivuruga zisigawanyike na kuua nyingi. Virusi walivyotumia vilikuwa MR766.

Aina iliyosambaa Brazil ilikuwa ya ukoo wa Asia, hiyo ni kweli na ina uzito wake. Lakini tazama mpangilio: virusi vya Entebbe, seli zilezile za kuta za ventrikali, swali lilelile la kwa nini ubongo unatoka mdogo, na jaribio limefanyika upande wa pili wa bahari. Sioni mkosaji wa kumnyooshea kidole. Mwaka 2016 aliyejua virusi Entebbe hakuwa na seli za neva za kuvijaribia. Lakini mtu aliyesomea seli hizo, amezaliwa Mbale, kisha anakubali kuwa mkusanyaji wa sampuli, huyo anairudia habari ya 1947 akiwa macho.

Swali lililokuwa safari moja ya boda kutoka kwao

Kila mtu wa Mbale anajua kwamba mji wao una hospitali inayopasua watoto wenye vichwa vikubwa, ile ya CURE, iliyoanza kazi mwanzoni mwa miaka ya 2000. Daktari wa upasuaji kutoka Marekani, Benjamin Warf, aliyefanya kazi hapo, aliripoti mwaka 2005 kwamba karibu asilimia 60 ya watoto waliokuja na maji kichwani walikuwa wameyapata baada ya maambukizi ya utotoni. Katika nchi tajiri picha ni nyingine: wengi ni njiti waliovuja damu ubongoni au watoto waliozaliwa na hitilafu.

Tiba ya kawaida ilikuwa kuweka mpira mwembamba unaoshusha maji kutoka kichwani hadi tumboni. Mpira huziba. Ukiziba mtoto akiwa Karamoja wakati wa mvua, mama anaweza asifike kwa wakati. Warf akaunganisha njia mbili: kuingiza kamera na kutoboa sakafu ya ventrikali ya tatu ili maji yapate pa kupita, na kuichoma tishu inayoyatengeneza ili yapungue. Mwaka 2012 alipewa tuzo ya MacArthur.

Mwaka 2017 yakachapishwa matokeo ya jaribio lililofanyika Uganda kwa watoto wachanga 100, nusu kwa kamera, nusu kwa mpira. Baada ya mwaka mmoja, vipimo vya akili vya makundi mawili havikutofautiana kwa kiwango cha kuhesabika. Madaktari wa upasuaji waliyasoma matokeo hayo kama ushahidi kwamba kamera haimwachi mtoto nyuma. Mtu wa baiolojia ya ukuaji ana sababu ya kuyasoma vingine. Ikiwa njia mbili zilizo mbali hivyo za kuondoa maji zinawafikisha watoto mahali pamoja, basi huenda sehemu kubwa ya jambo ilikwisha kutokea ubongoni kabla daktari hajashika kisu. Nini kilitokea, na kwa seli zipi?

Kisha 2020. Timu iliyoongozwa na mtafiti wa Marekani, Steven Schiff, ilisoma DNA na RNA (nakala ambazo seli hutoa kwenye DNA ili izitumie) kutoka kwenye maji ya ubongo ya watoto 100 wa Mbale, ikakuta bakteria ambaye hakuna aliyekuwa akimtafuta: Paenibacillus thiaminolyticus. Wakamkuza, wakamsoma, na ukoo huo ukapewa jina la mji: Mbale. Baadaye alionekana pia kwa watoto wachanga wa Uganda wenye maambukizi ya damu.

Ongeza kipande kingine, cha 2018, kilichotoka kwenye familia za watoto waliozaliwa na maji kichwani bila maambukizi. Mabadiliko mapya, ambayo wazazi hawana, yalipatikana kwenye jeni kama TRIM71, SMARCC1 na PTCH1, na hizo ni jeni zinazoongoza seli shina za neva. Kwa miaka mingi ugonjwa huu ulielezwa kama tatizo la bomba kuziba. Kumbe kwa baadhi ya watoto tatizo liko kwenye ukuta wenyewe, kwa zile glia radiali ambazo dada yetu alizitazama miaka yote ya uzamivu.

Na bado kuna la tatu: katika miezi ya mwanzo baada ya kuzaliwa, kuta za ventrikali za mtoto wa binadamu bado hutoa nyuroni changa zinazosafiri kuelekea sehemu ya mbele ya ubongo. Hilo lilichapishwa 2016. Maambukizi ya uchangani yanaingia, basi, ukutani wakati ukuta bado una kazi. Hapo swali linajiandika lenyewe: mtoto aliyepona bakteria, aliyetolewa maji, ukuta wake umebaki na nini?

Aliponieleza hivi tukiwa tumekaa, alikuwa anaongea haraka kuliko kawaida yake. Nilimwambia: hili Munich watalipata wapi? Nafasi ya kushindwa mbio ilikuwa imepungua ghafla, kwa sababu waliokuwa wanakimbia njia hii walikuwa wachache na wote walilazimika kupitia mlangoni kwao. Ule ujuzi wa PCR wa malaria, ambao Ujerumani uliitwa wa kizamani, ukarudi kuwa mali.

Pingamizi la mzee

Profesa mmoja mstaafu wa Makerere, ambaye sote tunamwita Mzee, hakufurahishwa. "Kwa hiyo Mzungu asome ubongo," alisema, "na Mwafrika asome ubongo mgonjwa?"

Sikuwa na jibu la haraka, na nadhani asiye na mashaka hapa hajamwelewa Mzee. Fedha za nje huja na ugonjwa kwenye kichwa cha habari. Mtafiti wa Kampala akiandika kwamba anataka kujua jinsi seli inavyohesabu mizunguko yake kabla ya kutoa nyuroni, anaulizwa faida kwa jamii ni ipi. Mwenzake wa Cambridge haulizwi hivyo, au anaulizwa kwa adabu zaidi. Fedha za ndani zimekuwa pumzi: mfuko wa utafiti na ubunifu wa Makerere ulianza 2019 kwa shilingi bilioni 30 za serikali, na wengi waliandika kwa mara ya kwanza mpango usio na mfadhili wa nje. Lakini huo ni wa Makerere, na yeye yuko mashariki.

Ipo njia ya kumjibu Mzee kwa vitendo, na ilishaanza Uganda. Mwaka 2011, kwenye kampasi ya magharibi ya Kampala International University, Ishaka, watu wa TReND in Africa, shirika la kukuza sayansi barani, waliendesha mafunzo ya sayansi ya neva kwa kutumia nzi wa matunda. Ishaka, Bushenyi, kati ya migomba! Nzi huyu anakula ndizi, sukari, unga wa mahindi na hamira. Chupa ni za glasi, joto linalomfaa ni nyuzi 25, kizazi kipya kinapatikana kwa siku kumi hivi. Hahitaji barafu kavu. Na sayansi yake haikuwahi kuwa ya daraja la pili. Tuzo ya Nobel ya tiba ya 1995 ilitolewa kwa waliochambua jinsi kiinitete chake kinavyojipanga.

Kwa ukuaji wa ubongo, nzi ni mwalimu wa ajabu. Seli zake shina za neva huwasha protini kwa zamu, Hunchback, kisha Krüppel, kisha Pdm, kisha Castor, na zamu hiyo huamua nyuroni ya aina gani izaliwe lini. Ndiyo ile hesabu ya mizunguko. Ile ASPM ya kichwa kidogo cha binadamu ina ndugu yake kwa nzi, iitwayo asp, na ikiharibika kwake pia ubongo hunyauka. Ramani ya miunganiko yote ya ubongo wa buu wake, nyuroni 3,016, ilitoka 2023. Ya nzi mzima, nyuroni karibu 140,000, ilitoka 2024, na mtu yeyote mwenye intaneti anaweza kuifungua akiwa Bushenyi.

Upungufu wake uko wazi: nzi hana ventrikali. Hakuna vyumba vya maji, hakuna maji ya kujaa. Hawezi kulijibu swali la ukuta baada ya maambukizi. Anachoweza ni kupokea mabadiliko ya jeni yaliyopatikana kwa mtoto na kuonyesha kama yanapunguza seli shina au hayana neno. Kwa hiyo nilimshauri dada yetu aache kutazama kazi ya nzi na kazi ya watoto wagonjwa kama mambo mawili yanayogombana. Mzee aliposikia habari ya nzi alinyamaza, kisha akauliza bei ya chupa. Nikajua tumepata mtu wa kutuandikia barua ya mapendekezo.

Masharti

Alikataa nafasi ya Ujerumani, akakataa gari la shirika, akabaki na mkataba wake wa vipindi. Mpango wake sasa una sehemu mbili: chumba cha nzi, ambacho wanafunzi wa shahada ya kwanza wanaweza kukiendesha, na utafiti wa maji ya ubongo kwa kushirikiana na madaktari wa watoto. Katika huo wa pili hachoti tone la ziada. Anatumia kilichobaki kwenye maji yaliyochotwa kwa ajili ya matibabu, akitafuta RNA na protini zinazomwagika ukuta ukiharibika.

Vibali vimechukua muda, kama kawaida: kamati ya maadili kwanza, kisha Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia. Sehemu ngumu imekuwa ridhaa. Mama anafika na mtoto ambaye kichwa kimevimba, pengine tayari ameambiwa na majirani kwamba amerogwa, au kwamba ni dhambi yake. Anachotaka kujua ni kimoja: mtoto atapona? Mtafiti lazima amwambie, kwa maneno ambayo hayawezi kueleweka vingine, kwamba utafiti huu hautamponya mtoto huyu, na kwamba akikataa matibabu hayabadiliki. Fomu za Kiingereza zilizotafsiriwa hazitoshi. Wanaokuja wanaongea Lumasaaba, Ateso, Lusoga, Karimojong, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha wengi waliotoka mbali. Hapa malezi ya Namakwekwe yamemsaidia kuliko shahada. Nimemsikia akiongea na mama mmoja wa Busia: "Dada, sikiliza. Maji haya daktari ameyachota kwa kazi yake. Yakibaki, naomba niyasome. Ukisema hapana, sisi bado ni ndugu na mtoto atahudumiwa vilevile." Mama yule alisema hapana. Dada yetu akamshukuru, akamsaidia kubeba beseni.

Halafu mambo ya mshirika wa nje. Yule wa Ujerumani, mtu mwema, amependa swali jipya na ana mashine za kusoma RNA ya seli moja moja. Angependa sampuli ziende kwake. Mkataba wa kusafirisha sampuli ni wa lazima kisheria, lakini mkataba unaweza kuwa wa haki au wa kusaini tu. Nilisisitiza nusu ya kila sampuli ibaki Uganda. Usomaji wa mfuatano unaowezekana hapa, kwa vifaa vidogo kama MinION, ufanyike hapa kwanza. Mwanafunzi wake wa uzamili, yule wa boda, aende Ujerumani na sampuli, awe ndiye anayezichambua, arudi na takwimu zote. Na nafasi ya jina la mwisho iandikwe kabla tone la kwanza halijasafiri. Mshirika amekubali yote isipokuwa la usomaji kufanyika hapa kwanza, akihofia ubora. Hofu yake si ya bure. Nimependekeza sampuli chache zisomwe pande zote mbili zilinganishwe.

Tumebaki tukipingana, mimi na yeye, juu ya mstari mmoja wa bajeti. Ameweka fedha za kukuza vijiubongo maabarani kutokana na seli shina za binadamu, ili bakteria ajaribiwe juu ya glia radiali zenyewe. Mimi naona amewarudisha panya kwa mlango wa nyuma: chakula cha seli hizo kinaagizwa nje, kinasafiri kwenye ubaridi, zinahudumiwa kila baada ya siku chache kwa miezi, na umeme ukikatika mwishoni mwa juma kazi yote inakufa. Afadhali hatua hiyo ifanyike kwa mshirika, na yeye akae na watoto na nzi. Yeye anasema waamuzi wa ruzuku hawataamini chochote kuhusu ukuta wa ventrikali bila seli za binadamu, na kwamba Mwafrika akiziacha kila mara kwa mshirika, zitabaki za mshirika. Maombi yameshatumwa, na mstari ule aliuacha ndani.